Baada ya Mzunguko wa Pili

Mgonjwa wa limfoma ya Hodgkin akimaliza mizunguko miwili ya dawa, kama miezi miwili tangu dripu ya kwanza, madaktari wengi duniani humrudisha kwenye mashine ya PET kabla hawajaendelea. Wanataka kujua mapema kama dawa imeshika. Picha hiyo ya katikati imebishaniwa kwa karibu miaka ishirini, na si mabishano ya wasomi peke yao. Jibu lake linaweza kumwondolea mtu dawa inayoharibu mapafu, au kumwongezea dawa zinazoweza kumnyima watoto.

Nimewakalisha watu watatu waijadili. Wote ni wa kubuni, ila takwimu wanazozitaja zimetoka kwenye tafiti zilizochapishwa. Daktari anatibu saratani za damu na tezi. Msoma Picha ni kijana wa tiba ya nyuklia. Mzazi ametoka Malindi. Binti yake wa miaka 19 ana Hodgkin iliyosambaa, na mzunguko wa pili ameumaliza juzi tu. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Msoma Picha: Mama, nianze na kile kitakachofanyika. Binti atakuja hajala kwa saa sita, maji tu. Tutampima sukari ya damu, maana ikiwa juu picha inaharibika. Halafu tutamchoma sindano ya sukari iliyofungwa na florini-18. Seli za limfoma zina uchu wa sukari kuliko seli nyingi za mwili. Zinaivuta ndani na haitoki. Kwa saa nzima atalala kwenye chumba chenye joto, hachezei simu, hazungumzi. Msuli unaofanya kazi nao unakula sukari, na msichana mwembamba akisikia baridi, mafuta ya shingoni yanawaka mpaka unaweza kudhani ni tezi zenye ugonjwa. Ndipo anaingia mashineni.

Mzazi: Na lazima tuje Nairobi kwa hilo?

Msoma Picha: Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, mama. Haiwekwi kabatini. Inatengenezwa kwenye saiklotroni asubuhi na kutumika siku hiyo hiyo. Nairobi tunayo, Hospitali ya Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Malindi hakuna.

Mzazi: Sawa. Sasa niambie, picha hiyo itajua nini ambacho daktari hajui? Uvimbe wa shingo umeshaisha. Homa za usiku zimekwisha. Mtoto anakula.

Msoma Picha: Uvimbe kunywea ni habari njema, lakini tezi inaweza kunywea na bado ikabeba ugonjwa ulio hai. Nyingine hubaki kubwa ilhali ndani ni kovu tupu, hasa zile za kifuani. CT inaonyesha ukubwa. PET inaonyesha nani bado anakula. Mwaka 2007 Andrea Gallamini na wenzake wa Italia na Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 260 wa Hodgkin iliyosambaa, waliopigwa picha baada ya mizunguko miwili. Ambao picha yao ilitoka hasi, asilimia 95 walikuwa bado salama baada ya miaka miwili, ugonjwa haujarudi wala kuendelea. Ambao ilitoka chanya, ni asilimia 12.8 tu. Kabla ya hapo tulikuwa tunajumlisha alama za siku ya kwanza: umri, jinsia, hatua ya ugonjwa, hemoglobini, albumini, seli nyeupe. Picha moja ilizifunika zote.

Daktari: Hizo namba ndizo zilizotulevya, mdogo wangu. Zitaje, lakini usiishie hapo. Ukaja utafiti wa RATHL ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa 2016. Watu 1,119 walipigwa picha ya katikati, wengi kuliko wa Gallamini mara nne. Waliotoka hasi walikuwa 937. Baada ya miaka mitatu, katika kundi hilo hilo la hasi, waliobaki salama walikuwa kama asilimia 85. Hatuzungumzii 95 tena. Na wale 172 waliotoka chanya wakabadilishiwa dawa, asilimia 67.5 walibaki salama. Chukua kalamu. Asilimia 15 ya 937 ni watu 140. Theluthi ya 172 haifiki 60. Walioharibikiwa wengi walitoka upande gani?

Mzazi: Upande wa hasi.

Daktari: Upande wa hasi, mama. Kwa hiyo nikiletewa karatasi imeandikwa hasi, simwambii mtu amepona. Namwambia yumo kwenye kundi lenye bahati nzuri zaidi.

Msoma Picha: Hesabu siikatai, dada. Lakini wale wa chanya waliongezewa dawa kali ndiyo maana wakafika 67. Wangeachwa vilevile wangefika wapi?

Daktari: Hujui, na mimi sijui. RATHL haikuwa na kundi la chanya lililoachwa liendelee na dawa za mwanzo ili tulinganishe. Tunalinganisha na wagonjwa wa zamani, wa nchi nyingine, waliosomewa picha kwa vigezo vingine. Naamini kuongeza dawa kuliwasaidia. Ni imani yenye sababu nzuri, lakini sitaiita uthibitisho.

Hapa nasimama na Daktari. Watu husema "PET inatabiri" kana kwamba utabiri ni jambo moja. Kuna kutabiri kundi na kuna kumtabiria mtu. Picha ya katikati inayagawa makundi vizuri sana. Mtu mmoja aliyeketi mbele yako, mwenye jina na nauli ya kurudi Malindi, inamwambia kidogo kuliko anavyodhani.

Mzazi: Basi niulize kwa namna nyingine. Ikitoka hasi mtafanya nini, na ikitoka chanya mtafanya nini? Kama ni dawa zile zile, mimi sipandi basi.

Daktari: Hilo ndilo swali, mama, na kwa Hodgkin lina jibu. Binti anatumia ABVD, dawa nne. B ni bleomisini. Inaweza kuyakakamaza mapafu, na kadiri dozi zinavyoongezeka hatari inaongezeka. RATHL iliwagawa wale wa hasi: nusu waliendelea na zote nne, nusu wakaondolewa bleomisini kuanzia mzunguko wa tatu. Baada ya miaka mitatu walikuwa 85.7 kwa 84.4. Waliotolewa bleomisini walipata matatizo machache ya mapafu.

Msoma Picha: Ulikuwa ushindi.

Daktari: Ulikuwa karibu na ushindi. Walijiwekea sharti kwamba tofauti isizidi pointi 5, na ukingo wa juu wa makadirio yao ulifika 5.3. Kwa kipimo chao wenyewe walikosa kwa nywele. Hata hivyo naondoa bleomisini, na nitaiondoa kwa binti huyu picha ikiwa hasi. Mgonjwa wa miaka 19 ataishi na mapafu hayo miaka sitini.

Mzazi: Na ikiwa chanya?

Daktari: Kuna mseto mkali unaitwa BEACOPP. Unaua ugonjwa zaidi, na unaua vingine pia. Seli nyeupe zinaporomoka, mtu analazwa kwa homa, na mayai ya uzazi yanaweza kuharibika. Sitaki kukuficha hilo.

Mzazi: Hajaolewa huyu.

Daktari: Najua. Ndiyo maana mazungumzo ya uzazi afadhali tuyafanye leo, kabla ya picha, kuliko siku ya majibu wakati kila mtu anatetemeka.

Msoma Picha: Ongeza na habari ya Wafaransa, dada. Kwenye AHL2011 walianza na ukali. Watu 823 walipewa BEACOPP mizunguko miwili, kisha waliotoka hasi kwenye kundi la picha wakashushwa hadi ABVD. Baada ya miaka mitano ilikuwa 85.7 kwa kundi hilo na 86.2 kwa lililobaki na BEACOPP. Yaani kushusha hakukumgharimu mtu, na sumu ilipungua. Uanze chini upunguze bleomisini, au uanze juu ushuke, picha imekupa ruhusa ya kutoa kitu. Huo ndio uwezo wake mkubwa, na unasemwa kidogo mno.

Nakubaliana naye neno kwa neno. Ushahidi wa kupunguza dawa kwa sababu ya picha hasi ulipatikana kwa kugawa watu kwa kura na kulinganisha. Ushahidi wa kuongeza dawa kwa sababu ya picha chanya ni mwembamba zaidi, isipokuwa kwenye Hodgkin ya hatua za mwanzo, ambako utafiti wa H10 uliwagawa waliotoka chanya na wale waliopandishwa hadi BEACOPP wakafanya vizuri zaidi: 90.6 kwa 77.4 baada ya miaka mitano. Tiba ya mionzi nayo ina somo lake. Kwenye utafiti wa RAPID wa Uingereza, wagonjwa wa hatua za mwanzo wenye picha hasi waliopewa mionzi walibaki salama kwa asilimia 94.6 baada ya miaka mitatu. Walioachwa bila mionzi, 90.8. Picha hasi haikufuta faida ya mionzi. Ilionyesha tu kwamba faida hiyo ni ndogo, na kila familia inaweza kuamua kama inaitaka.

Mzazi: Kuna jirani yetu mtoto wake alipigwa picha kama hiyo, hospitali siitaji. Ripoti ilisema chanya. Neno moja. Familia ililia wiki nzima. Walipoipeleka kwingine wakaambiwa ni ndogo, ni ya kawaida. Mnasomaje picha moja majibu mawili?

Msoma Picha: Hilo linaniuma, mama, kwa sababu halikupaswa kutokea. Mwaka 2009 wataalamu walikutana Deauville, Ufaransa, wakakubaliana ngazi tano. Tunatafuta doa linalowaka kuliko mengine, tunalilinganisha na vitu viwili vya mwili wa mgonjwa mwenyewe: damu ya mishipa mikubwa kifuani, na ini. Hakuna kinachowaka, ngazi ya 1. Kinawaka lakini hakizidi damu ya kifuani, ya 2. Kimezidi damu hiyo, hakijazidi ini, ya 3. Kimezidi ini kiasi, ya 4. Kimelizidi sana, au kimetokea kidonda kipya cha limfoma, ya 5. Ini limechaguliwa kwa sababu kwa mtu yule yule halibadiliki sana kati ya picha na picha.

Mzazi: Sasa chanya inaanzia ngapi?

Msoma Picha: Ndipo penye kasheshe. RATHL ilihesabu 1 hadi 3 kuwa hasi. RAPID, nchi ile ile, ilihesabu 1 na 2 tu, kwa sababu ilikuwa inataka kumwondolea mtu mionzi na iliogopa kumwacha mwenye masalia. Mwenye ngazi ya 3 ni hasi kwa wale, chanya kwa hawa. Leo wengi wetu tunaiweka 3 upande wa hasi. Lakini ndiyo sababu ripoti inayosema chanya bila namba haifai kutoka kwenye idara yoyote.

Daktari: Na sisi tunaopokea tuache kusoma mstari wa mwisho peke yake. Namba, mahali doa lilipo, tarehe ya dozi ya mwisho. Picha ikipigwa mapema mno baada ya dawa, tishu zinazojiponya nazo zinawaka. Mgonjwa akiwa amechomwa sindano za kupandisha seli nyeupe, uboho wote unang'aa. Mimi nataka picha siku chache kabla ya dozi inayofuata.

Sasa naomba tuihame Hodgkin, kwa sababu makosa makubwa hufanyika mtu anapobeba masomo yake na kuyapeleka kwenye limfoma nyingine. Katika nchi zetu, watu wazima wengi wenye limfoma hawana Hodgkin. Wana ile ya seli B kubwa, inayotibiwa kwa mseto wa dawa wa R-CHOP.

Daktari: Asante kwa kulileta. Kwa seli B kubwa, picha ya katikati ni mtabiri mzuri asiye na la kukupa. Wajerumani walifanya PETAL, watu 862, picha baada ya mizunguko miwili. Hawakutegemea jicho. Walipima mwako ulivyoshuka, na aliyeshuka chini ya asilimia 66 akahesabiwa hajajibu. Walikuwa 108. Wakagawanywa: waendelee na R-CHOP, au wapandishwe kwenye dawa kali zinazotumika kwa limfoma ya Burkitt. Baada ya miaka miwili mambo yalikuwa mazuri kwa asilimia 42 ya walioendelea. Waliopandishwa, 31.6, na sumu juu yake. Utabiri ulikuwa sahihi kabisa, wale watu walikuwa hatarini. Ila kuujua ukweli huo mapema hakukumwokoa mtu.

Msoma Picha: Kwa dawa za wakati ule. Sasa kuna CAR-T. Kwenye utafiti wa ZUMA-12 waliwachukua wagonjwa wa hatari kubwa wenye picha chanya ya katikati, wakawapa seli zao wenyewe zilizorekebishwa, na asilimia 78 ya waliopimwa waliitikia kikamilifu.

Daktari: Watu wapatao arobaini, hakuna kundi la kulinganisha, kwa tiba ambayo hapa simpatii mgonjwa hata nikiuza nyumba. Nifurahie, sawa. Lakini leo kliniki kuna mtu ana picha ya ngazi ya 4. Unajua kilichotokea New York, Memorial Sloan Kettering? Watu 38 wa seli B kubwa walitoka chanya katikati ya dawa. Walichukuliwa kinyama wote. Vinyama 33 havikuwa na saratani. Vitano tu ndivyo vilikuwa nayo. Na ule ni mji ambao kifua kikuu wanakiona kwa nadra.

Msoma Picha: Hapo sina la kubisha.

Kifua kikuu ndicho kinachofanya mjadala huu uwe wetu hasa. Sukari yenye florini haijui saratani. Inajua njaa ya seli, na seli za kinga zinazopambana na kifua kikuu zina njaa kali. Tezi za kifua kikuu zinawaka sawasawa na za limfoma. Tezi za mtu mwenye VVU ambaye virusi vyake havijadhibitiwa zinawaka pia, shingoni, kwapani, kinenani, zikifuatana namna ambayo ingemtisha msomaji wa Ulaya. Tafiti zote zilizotajwa hapo juu zilifanyika kwa wagonjwa ambao wengi wao hawana mizigo hiyo. Ukanda huu wa Afrika Mashariki ndio uliompa Denis Burkitt wagonjwa wa Mulago aliowaeleza mwaka 1958 na kuufungulia ulimwengu mlango mzima wa elimu ya limfoma. Unastahili namba zake wenyewe za picha ya katikati, kutoka kwa wagonjwa wake wenyewe, na kukosekana kwazo mimi nakuona ni deni.

Mzazi: Mnanitisha. Baba yake aliugua kifua kikuu miaka mitatu nyuma, akapona.

Daktari: Hujatuambia hilo, mama.

Mzazi: Hakuna aliyeuliza.

Daktari: Ni sisi tuliopaswa kuuliza. Hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote mlizoleta. Dawa zinashusha kinga, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka katikati ya matibabu.

Msoma Picha: Na picha huwa inatoa dokezo. Kama madoa yote ya zamani yamezima halafu limezuka moja jipya, kwenye ncha ya pafu tuseme, siruki hadi ngazi ya 5. Ngazi ya 5 ni ya kidonda kipya cha limfoma. Kwenye mfumo wa Deauville kuna herufi X kwa ajili ya doa jipya lisiloelekea kuwa limfoma. Nitaandika X na kuomba makohozi yapimwe, au kinyama kichukuliwe. Limfoma inayokimbia dawa kwa kawaida haizimi kote ikawaka mahali pamoja papya.

Mzazi: Jambo moja limebaki, na msinionee huruma, nijibuni tu. Picha ya kabla ya dawa hatukupiga, tulipiga CT. Pesa ninazo za PET moja. Niitumie sasa au nisubiri mwisho?

Msoma Picha: Sasa.

Daktari: Mwisho. Mwisho inaniambia kama kazi imekwisha.

Msoma Picha: Kwa Hodgkin, dada? Ikitoka hasi sasa, mara nyingi na ya mwisho itakuwa hasi. Ukisubiri mwisho, bleomisini ya mizunguko minne utakuwa umeshampa. Huwezi kuirudisha kwenye chupa.

Daktari: Na bila picha ya mwanzo, utajuaje doa la kifuani lilikuwepo?

Msoma Picha: Kwa CT. Na Hodgkin karibu zote zinawaka, siyo limfoma ya kubahatisha. Angekuwa na seli B kubwa ningekuunga mkono.

Daktari alinyamaza, na kwa maoni yangu alikuwa ameshindwa kwa haki. Kama pesa ni ya picha moja, kwa Hodgkin iliyosambaa inayotibiwa kwa ABVD naiweka baada ya mzunguko wa pili, kwa sababu hapo inabadilisha dripu ya wiki ijayo. Kwa seli B kubwa naiweka mwisho, kwa sababu katikati itanipa hofu bila tiba. Msimamo huu una umri. Dawa mpya zinaubomoa tayari: kwenye utafiti wa Marekani wa S1826, nivolumabu pamoja na AVD (ABVD bila bleomisini) iliwaacha salama asilimia 92 baada ya miaka miwili, na hakuna aliyebadilishiwa tiba kwa sababu ya picha ya katikati. Wajerumani nao, kwenye mseto wao wa BrECADD, bado wanaitumia kuamua mizunguko minne au sita. Thamani ya picha inafuata dawa unayoipa. Kwa sasa, dawa anayoipata binti wa Malindi ni ABVD.

Daktari: Haya. Nimekubali kwa huyu. Lete fomu niandike. Hodgkin, hatua ya nne. Amemaliza mizunguko miwili ya ABVD, tarehe ya dozi ya mwisho hii hapa. Hajachomwa sindano ya kupandisha seli nyeupe. VVU hana, amepimwa. Kifua kikuu kimewahi kuingia nyumbani, hana kikohozi kwa sasa. Naomba ngazi ya Deauville kwa namba, na doa linalowaka zaidi litajwe mahali lilipo.

Msoma Picha: Na CT ya kwanza, mama, njoo na diski yenyewe. Karatasi ya ripoti peke yake hainitoshi, nataka kuziweka picha mbili ubavu kwa ubavu.

Mzazi: Diski imebaki Malindi. Nitampigia kaka yake aitume na basi la usiku.